Nyimbo za Brazili za Fundi wa Korona

Mtaani kwetu Makorora mimi ndiye mtu pekee niliyewahi kuandaa msiba bila maiti. Nalisema mwenyewe mapema, maana nisiposema, Mama Saumu atalisema, na yeye akilisema huongeza chumvi.

Ilikuwa alasiri. Fundi alikuwa amehamia nyumba ya pili kutoka kwetu, na hatukuwa tumemzoea. Nikasikia kutoka kwake sauti ya mwanamume anaimba polepole, sauti ya chini kama mtu anayezungumza na mto wake kitandani, na nyuma yake gitaa moja linajikokota. Lugha siijui. Nikachungulia. Fundi kakaa kibarazani, kichwa kakiinamisha, viganja viwili kavitega nyuma ya masikio. Mimi ni mtu wa pwani, mtu aliyefiwa najua anavyokaa.

Kwetu ukiona nyumba imefiwa huulizi maswali. Unabeba jamvi. Basi nikabeba. Nikamwambia Mama Saumu, anayekaanga bajia mbele ya mlango wake, ng'ambo ya kichochoro. Akaipua karai, akajitanda kanga, akawaita wanawake. Wanaume wakaleta mabenchi ya madrasa. Kila aliyefika alimshika Fundi mkono: "Pole sana. Ndiyo njia yetu sote." Naye anajibu vizuri tu: "Nimeshapoa. Ahsanteni sana." Tukakaa. Wimbo ukaisha, ukaja mwingine wa huzuni zaidi, na kuna bibi mmoja akaanza kufuta machozi.

Mwishowe mwadhini wetu akamwinamia Fundi. "Maziko saa ngapi, ndugu yangu? Na marehemu ni nani?"

"Marehemu yupi?"

"Huyu anayeliliwa hapo redioni."

"Halii huyo!" Fundi akashangaa kweli. "Huyo anafurahi. Hiyo nyimbo ya sikukuu, jamani. Ya Brazili."

Sitaki kueleza jinsi watu wote walivyogeuka kunitazama. Baadaye nilimuuliza Fundi kwa nini alizipokea zile pole. Akasema alikuwa ndiyo kwanza amestaafu, akadhani Makorora mtu akistaafu hupewa pole. "Nikaona watu wa hapa wana utu sana," alisema. Na mimi tangu siku ile sijawa na hakika tena mtu mwenye furaha analia vipi.

Tulimwita Fundi, basi. Alikuwa fundi wa korona. Si ile korona ya barakoa. Hii ni mashine kubwa ya shamba la mkonge, inameza majani upande mmoja inatema nyuzi upande wa pili, kwa kelele ambayo ukisimama karibu nayo unaisikia mpaka kwenye meno. Alikaa pembeni yake mpaka akastaafu, nayo ikamla masikio. Alipohamia kwetu hakuwa kiziwi bado. Lakini daktari alishamwambia kwamba kusikia kwake kunaondoka kidogo kidogo na hakutarudi, na Fundi alinieleza habari hiyo kwa utulivu wa mtu anayesema tangi lake la maji linavuja.

Kilichomuuma ni zile nyimbo. Wanawe walizicheka, wenzake kazini walizivumilia, na hakuna aliyewahi kuzipenda ila yeye. Alitaka, kabla masikio hayajafunga, ampate mtu mmoja wa kuzisikia kama anavyozisikia yeye. "Nikishakuwa sisikii," aliniambia, "nataka nijue jirani yupo anayesikia." Na katika Makorora nzima, yenye wapiga dufu, wasomaji wa kasida na watu waliokulia ndani ya taarab, akanichagua mimi, ambaye nikipiga makofi harusini watu huniomba nipumzike.

"Kwa nini mimi, Fundi?"

"Kwa sababu wewe upo. Wenzako wanatoka."

Hapo alisema kweli. Kwetu anayetoka ni mke wangu: asubuhi anapanda bajaji kwenda kufundisha Raskazone, mimi nabaki na friji nauza barafu za ukwaju dirishani. Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikarudi nyumbani kupumzika, nikapapenda. Mke wangu aliposikia nimepata mwalimu wa muziki alicheka mpaka akakaa chini. "Mzee wa watu ana shida ya masikio au ya macho?" akauliza.

Nyimbo zenyewe alizipata kwa Mbrazili mmoja. Brazili nao wanalima mkonge, tena kutushinda sisi, na huyo bwana aliletwa shambani kufunga vyuma vipya kwenye korona. Hakujua Kiswahili, Fundi hakujua Kireno, wakawa wanaongea kwa spana na vidole. Karakana nzima ilishinda na nyimbo za yule bwana. "Mwanzoni nilitamani nimpige na nyundo," Fundi alisema. Kisha siku moja mashine ilizimwa ifunguliwe, kukawa kimya, na redio ikabaki peke yake inaimba. "Nikasikia mle ndani kuna vitu vinazunguka, kila kimoja na mwendo wake, na havigongani. Korona yangu haijawahi kuzunguka vile hata ilipokuwa mpya." Yule bwana alipoondoka alimwachia mkoba wa CD. Mjukuu wa Fundi alizihamishia kwenye flashi, flashi ikachomekwa kwenye sabufa, na sabufa ikawekwa kibarazani kwetu sote tuikome.

Masomo yalikuwa baada ya swala ya alasiri. Fundi hakusikiliza kama watu. Alisikiliza kama anatafuta ubovu. Anafumba macho, anainua kidole, anasema, "Gitaa ndilo injini. Tari ndiyo mkanda. Mwimbaji ni abiria." Kisha ananihoji.

"Mwimbaji yuko wapi sasa hivi?"

"Brazili."

Anakunja uso kama mtu aliyeumwa na jino. "Yuko nyuma ya ngoma, bwana mdogo. Nyuma kidogo. Anachelewa makusudi. Anajua gari linaondoka, na hakimbii. Umesikia?"

"Nimesikia, Fundi."

"Hujasikia. Usiniitikie kama mkwe."

Kweli sikusikia. Mimi nilisikia mtu anaimba na kitu kinagonga, basi. Nilitazama mdomo wa sabufa kama vile mle ndani kuna mtu atatoka anieleze. Siku nyingine nilijaribu kuhesabu mapigo kwa vidole, nikapotea kabla ya kumaliza mkono mmoja.

Kilichonitatiza zaidi ni kwamba vyombo vyenyewe nilivijua, au nilidhani navijua. Ile tari yao, wanaita pandeiro, ina ngozi na vibati pembeni, ungemletea mtu kwenye maulidi asingeuliza imetoka wapi. Lakini sisi tari zetu hupigwa na safu ya watu wamepiga magoti, wanainama pamoja wanainuka pamoja. Ya kwao anapiga mtu mmoja, na mkono wake unasema maneno ya watu wanne. Kuna nyimbo za huko kwao kaskazini, forro, zenye kodiani. Kodiani! Hapo hata Mama Saumu alinyanyua kichwa, maana kodiani ya taarab ameilalia tangu mdogo. Akasikiliza kidogo, akasonya. "Hiyo kodiani inakimbizwa na nani?" Akarudi kwenye bajia zake. Alishaamua tangu ule msiba kwamba muziki huo ni wa udanganyifu.

Halafu kuna kuika. Hiyo ni ngoma yenye kijiti ndani, wanakisugua na kitambaa kibichi, nayo inatoa sauti ya kiumbe kilichobanwa na mlango. Siku ya kwanza ilipolia nilitoka mbio na tochi kutafuta paka chini ya friji. Fundi alinifuata mpaka dirishani, akanitazama ninavyojikunja sakafuni, akasema, "Ukimpata, mlete aimbe."

Alikuwa mtu wa mambo yasiyopatana. Alikataza watu kucheza mbele ya sabufa yake. "Hizi si za kucheza, ni za kusikiliza," alifoka, na kidole chake gumba cha mguu kinacheza ndani ya kandambili tangu mwanzo wa wimbo mpaka mwisho. Kwenye Kombe la Dunia vijana walikuja na fulana za njano kumpa mkono kama ndugu yao, akawafukuza. "Mimi sina timu! Mimi nina nyimbo!" Swala haikumpita, na sabufa ilizimwa kabla adhana haijafika mbali. Kwa muda mrefu nilimsifu kwa hilo. Baadaye nikagundua haisikii tena adhana: alikuwa anamtazama Mama Saumu. Akiona amejifunika kanga kichwani, anazima.

Na maana za nyimbo, hapo ndipo alipotaka kuniua. Wimbo ule ule Jumatatu ulikuwa wa mjane, Ijumaa ukawa wa mtu aliyepotelewa na punda.

"Lakini Fundi, juzi si ulisema mjane?"

"Juzi nilikuwa na homa."

"Kwa hiyo ni punda?"

"Leo ni punda."

Ningeandika kwamba alikuwa anaficha hekima fulani, lakini naogopa hakuwa anaficha kitu. Hakujua Kireno hata cha kuombea maji.

Mara moja alinitoa nyumbani, jambo ambalo mke wangu anamheshimu kwalo mpaka leo. Akanipeleka Amani, kule msituni. Nilitapika kona zote za kupandia, na tulipofika akaniacha nimekaa kwenye jiwe, akaenda kusimama katikati ya miti, viganja nyuma ya masikio. Msitu ulikuwa unapiga kelele: wadudu, ndege, vitu vyembamba vinasaga hewa kila upande. Alisimama sana. Kisha akageuka.

"Wanalia?"

"Wanalia, Fundi."

"Wengi?"

"Wengi mno. Hatuelewani."

Akatikisa kichwa polepole. "Basi vibati vya tari ndivyo vimekwenda masikioni mwangu," akasema. "Nilidhani sabufa imeharibika." Njia nzima ya kuteremka nilimtazama yeye, nikasahau kutapika.

Baada ya safari hiyo nikaona aibu ya kuitikia kama mkwe. Nikaanza kutafuta mwenyewe kwenye simu, nanunua bando badala ya ukwaju. Nilikuwa nadhani Brazili ina muziki mmoja, kama mtu wa bara anavyodhani Tanga ina samaki mmoja. Kumbe kila pembe na wake. Kuna wenye ngoma kubwa za barabarani, zinatembea kama siku ya kuaga mwali. Kuna wa gitaa na filimbi unaokwenda mbio bila mtu kuimba, chorinyo, kama majirani wawili wanaosutana kwa heshima. Kuna wenye upinde na kibuyu, ambao nikimchezea mzee yeyote wa Kibondei atasema umeibiwa kwao. Kuna wanawake wana sauti nzito kama asali ya msituni, na vijana wenye magitaa ya umeme wanapiga kelele juu ya ngoma ya mababu zao. Kadiri nilivyosikia ndivyo nilivyochanganyikiwa. Nilimpelekea Fundi vyote, nikaweka sauti mpaka mwisho. Alisikiliza vile vilivyokuwa bado vinamfikia, akasema, "Kumbe yule bwana aliniachia kijiko tu, sufuria akaondoka nayo."

Simu ndiyo iliyotugombanisha. Ina uwezo wa kutafsiri, au inajidai, na siku moja niliipa maneno ya ule wimbo wa kwanza, wa msiba wangu. Ikasema: sikukuu imekwisha, watu wamerudi makwao, na huyu mtu kabaki barabarani anafagia karatasi za rangi, anamkumbuka aliyecheza naye. Nikakimbia mpaka kwake, kandambili moja mguuni.

"Fundi! Nilikuwa sawa! Analia! Ule ulikuwa msiba!"

Nilimpigia kelele, maana kwa wakati ule bila kelele hakusikia. Nilimsomea yote. Akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea kwake, "Zima hiyo simu."

"Lakini ndiyo maana yake, Fundi."

"Nimekaa na nyimbo hii miaka yote bila maneno, ikanitosha. Sasa masikio yananitoka, wewe unaniletea maneno? Maneno hata kiziwi atasoma. Mimi nilikuomba usikie."

Akaingia ndani. Siku kadhaa sabufa haikulia, na mtaa ukawa kama nyumba iliyohamwa. Nilidhani nitafurahia ule utulivu. Nilikuwa nauza barafu, nasikia friji inavyounguruma, naona inakwenda vibaya.

Akaja mwenyewe dirishani, kama mteja.

"Shikamoo, Fundi."

Alinisoma mdomo. "Marahaba. Anafagia nini, ulisema?"

"Karatasi za rangi."

"Mm." Akainyonya barafu, akafikiri. "Ndiyo maana tari inakwenda kama fagio." Akaondoka.

Na mimi wiki ile ile nilikuwa nafagia uani kwetu, fagio la chelewa, najiimbia ule wimbo bila kujua. Nikasikia wimbo wangu haufiki pamoja na fagio. Unafika nyuma yake kidogo. Nikauwahisha, ukaharibika. Nikauacha uchelewe, ukakaa sawa. Nikasimama na fagio mkononi kama mtu aliyeona nyoka. Mwimbaji yuko wapi? Yuko hapo hapo, nyuma kidogo, na hakimbii! Nikalitupa fagio nikakimbilia kwa Fundi.

Mlango umefungwa. Bintiye alikuwa amemchukua kwenda kutibiwa. Alikaa huko muda, na habari zilizorudi hazikuwa nzuri: upande wa kushoto umekwisha kabisa, wa kulia umebaki wa kusikia radi.

Amerudi karibuni. Nilimkuta kibarazani alasiri, sabufa mbele yake, anaifuta vumbi kwa kanzu. Anaongea kwa sauti kubwa sasa, kwa kuwa hajisikii. Nikamwonyesha simu: nimwekee ule wa kufagia? Akakataa kwa mkono.

"ZA ZAMANI NINAZO HUMU," akasema, akijigonga paji la uso, na kuku wa jirani wakatawanyika. "NIWEKEE MPYA. SIJAPATA KUISIKIA."

Mtu asiyesikia anataka wimbo ambao hajawahi kuusikia! Nikachagua mmoja niliompata kule kwenye forro, wa mwanamke mwenye sauti nzito, nikafungulia mpaka sabufa ikatetemeka. Fundi akaweka kiganja juu yake. Ngoma kubwa ilimfikia, niliona begani. Hayo mengine, hakuna. Akanitazama, anangoja.

Nilifanya nini? Nilivuta na kubana mikono hewani kama chizi, ajue ni kodiani. Akaitikia. Alipoanza kuimba yule mwanamke sikujua nionyesheje, nikamwonyesha kidole Mama Saumu, pale kwenye karai lake. "Unanisema nini wewe?" Mama Saumu akafoka. Fundi akacheka: kaelewa, mwanamke. Kisha nikakaa nyuma yake, nikaanza kumpigia tari mgongoni kwa vidole, pale pale ninapoisikia, kwenye kanzu yake iliyolowa jasho.

"UMECHELEWA," akasema.

Nikaacha. Nilijisikia vibaya sana.

"USIACHE, BWANA! CHELEWA HIVYO HIVYO!"

Nikaendelea. Sijui tulikaa vile kiasi gani. Wimbo ulipofika kati akageuza shingo, macho yamemjaa maji, au ni jua la alasiri, akauliza swali ambalo mimi ndiye ningepaswa kumuuliza.

"ANALIA AU ANAFURAHI?"

Nilisikiliza. Naapa nilisikiliza kwa masikio yangu yote, na ya kwake. Nikafunua viganja: sijui.

Fundi akaangua kicheko ambacho kilisikika mpaka barabara ya pili. "SASA UMESIKIA!" akasema, akanipa tena mgongo nimpigie.

Wimbo ukaisha. Moshi ulikuwa umejaa kichochoroni, na Mama Saumu amesimama na kijiko chake, karai lote jeusi.

"Baba Nasra," akaniambia, "mzee hasikii, wewe huelewi, na mimi bajia zimeniungulia. Hebu rudisha pale mwanzo."